Mlango Aliouruka Mzee Tofazali

Ukigongewa mlango saa nne asubuhi pale Hyattsville, Marekani, nawe hukuagiza kitu, basi ni mambo matatu tu: ni watu wa dini na vijitabu vyao, ni kijana wa kuuza intaneti, au ni Kiplagat, fundi wa jengo, amekuja kukwambia maji yatafungwa. Hakuna anayefungua akitarajia mzee mwembamba wa Kibengali mwenye ndevu nyeupe, amevaa jaketi la baridi la mkwe wake, chini ya jaketi kanzu ya viraka vya kila rangi, mkononi zeze la uzi mmoja lenye tumbo la kibuyu. Tena mzee mwenyewe hajitambulishi wala haombi radhi. Anaimba.

Anaimba wimbo mzima, macho amefumba, kidole kinadunda uzi. Akimaliza anafungua mdomo wa mfuko wa kitambaa unaoning'inia begani, anasubiri. Ukimpa kiganja kimoja cha mchele mkavu, anainama na kwenda mlango wa pili. Ukimpa dola, anakurudishia. Ukimbamizia mlango usoni, anainama vile vile, kwa heshima ile ile, na kwenda mlango wa pili. Hilo la kuuinamia mlango uliobamizwa ndilo lililowafanya watu wa jengo lile waseme huyu ama ni mtakatifu, ama hazimtoshi.

Jina lake ni Tofazzal Fakir. Ndimi za Hyattsville zikalilainisha, akawa Mzee Tofazali.

Alizaliwa kando ya mto Gorai, magharibi ya Bangladesh, nchi ambayo maji ni mengi kuliko njia. Jeshini aliingia kijana, si kwa ushujaa, mtu asikudanganye, ila kwa sababu jeshini watu walikula mara tatu kwa siku. Wakubwa wakamtazama mabega wakampa mwiko. Akapika miaka ishirini. Mwaka 2004 kikosi chao kikapelekwa Bunia, Kongo ya mashariki, kulinda amani, na Tofazali akaenda kuwapikia walinzi. Bunduki yake aliisafisha kila Ijumaa na hakuifyatua hata siku moja. Vitunguu ndivyo vilivyokiona cha moto. Kiswahili alifundishwa sokoni na akina mama wauza nyanya, ndiyo maana alijua kwanza kuhesabu, pili kulalamika, tatu kutania, na salamu zikaja mwisho kabisa.

Aliporudi kwao alikaa miaka mitatu, kisha mkewe akafariki. Homa ilimshika Jumanne, Ijumaa wakamzika. Mpishi mzima wa kikosi akawa hawezi kuwasha jiko lake mwenyewe. Kila akishika kiberiti mikono inakataa. Akamchukua binti yake wa pekee, Shefali, msichana wa miaka kumi na minne, akampeleka kwa mjomba wake ili asome, akamwambia, "Mwezi mmoja tu, mwanangu." Halafu kwenye kibanda cha chai akakutana na mwimbaji mzee, mmoja wa wale ambao Wabengali wanawaita Mabaul, watu wanaotembea wakiimba na kumtafuta Mungu ndani ya mwili wa binadamu, si msikitini wala hekaluni. Tofazali akamsikiliza siku nzima. Kesho yake akamfuata. Mwezi ukawa miaka saba. Hiyo miaka saba hakupenda kuisimulia, na alipolazimika aliipita mbio.

Mwalimu wake alimpa masharti. Usiombe, imba tu. Usichague milango: ya rafiki, ya adui, ya mwenye kuku na asiye naye, yote gonga. Usipokee zaidi ya kiganja kimoja kwa mlango mmoja. Na cha leo kiliwe leo, kesho ina mwenyewe. Basi, hayo tu. Ni machache, lakini jaribu kuyaishi wiki moja uone.

Shefali naye alikua, akasoma, akaolewa, akaja Marekani na mumewe, akapata kazi kwenye maabara ya hospitali upande wa Laurel. Alipopata uraia, jambo la kwanza alilofanya ni kumwita baba yake. Akampa chumba chenye dirisha, televisheni yenye chaneli za Kibengali na ndara nene za manyoya. Mkwe wake, mtu mpole anayeendesha gari kila siku kwenye barabara kuu ya Beltway hadi Falls Church na kurudi na sura ya aliyepigwa, alimpa jaketi. Tofazali akakaa miezi miwili na zile ndara. Mwezi wa tatu akalishusha zeze, akatoka.

Mlango wa tatu kuugonga siku hiyo ulikuwa wa Mama Sabine. Huyu ni mama wa makamo, kifua mbele, kazi yake kuwatunza wazee majumbani, na Jumapili ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama. Alikuwa ametoka zamu, miguu inamuuma, kitenge kimefungwa vibaya. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho kwa sababu alikuwa amechoka hata kuufunga mlango.

"Eh, Mungu wangu," alijisemea kwa lugha yake, "na huyu mzee naye iko natafuta nani?"

Tofazali akafumbua macho. Miaka karibu ishirini hakuwa amekisikia Kiswahili kile, chenyewe hasa, cha sokoni Bunia. "Mi natafuta ule alituumba, mama," alijibu. "Hapa iko?"

Mama Sabine alishika fremu ya mlango asianguke. Alicheka mpaka jirani akafungua. "Weye! Weye unatoka wapi na Swahili ya kwetu?"

"Nilikuwa napika kule pa eropo, pale ndege zinashuka, ndani ya kambi. Nyanya nilikuwa nanunua kwa mama moja mnene, alikuwa naniibia kila siku."

"Basi huyo ni shangazi yangu," alisema Mama Sabine, na mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa anatania.

Ila lilipofika suala la mchele, pakazuka vita. Mama Sabine hakuelewa kabisa. Mgeni amefika mlangoni, tena anayeijua Bunia, halafu umpe mchele mbichi? "Mimi nimupatie mutu mchele mubichi kama kuku? Ingia ndani, kuko bugali, kuko sombe ya majani ya muhogo." Mzee akakataa kwa upole, akaonyesha kiganja. Mama akamvuta mkono. Mzee akashikilia fremu. Mwishowe mama akashindwa, akaleta kiganja kimoja, akautia mchele mfukoni huku akitazama kushoto na kulia kwenye korido asionekane na mtu, maana kwao huo ni uchoyo wa kusimuliwa vizazi vitatu.

Tangu siku hiyo Tofazali akawa wa watu. Jumatatu na Jumanne alizunguka majengo ya Hyattsville. Alhamisi alipanda basi kwenda Laurel, Jumamosi nyingine vile vile, na mara moja moja alivuka mpaka Virginia, ambako Wabengali wenzake walimwalika aimbe harusini kwa malipo, akawaambia harusini watu hawasikilizi, wanatafuna. Madereva wa basi walimjua. Siku za theluji aliimba kituoni ili vidole visigande, na abiria waliokuwa wamenuna wakajikuta wanachezesha mguu. Alirudi saa kumi na moja jioni mashavu mekundu, ana furaha kama mtu aliyetoka ngomani.

Wimbo wake mmoja aliugeuza Kiswahili kwa ajili ya akina mama:

*Nimezunguka dunia kumtafuta mgeni wangu,*
*kumbe amelala ndani ya shati langu.*

Akina mama wa kwaya waliupenda, wakaubishania. "Huyu mgeni ni Yesu?" Mama Sabine alimuuliza.

"Mama, jina yake sijui. Miaka yote hii hajaniambia."

"Ni Yesu," akasema Mama Sabine, kesi ikafungwa. Wakaongeza sauti ya pili na ya tatu, na Pasaka wimbo ukaimbwa kanisani.

Sasa, ubaya ulianzia kwenye sinki. Sinki la Shefali liliziba, Kiplagat akaja kulizibua. Kiplagat ni Mkenya, fundi hodari, moyo safi, ila mdomo wake hauna kitasa. Alikuwa amelala chali chini ya sinki alipomwona Mzee Tofazali anaingia, anamwaga mchele kutoka mfukoni, mwekundu, mweupe, mrefu, mfupi, wa kila nyumba, anaupika kwenye kisufuria chake na chumvi kidogo, anakwenda kuula peke yake kwenye kibaraza. Na huku mezani Shefali na mumewe wanakula biriani ya mbuzi inayonukia mpaka ndani ya mabomba.

Kiplagat alipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Mama Sabine. "Mama, aki hii kitu imeniuma. Yule mzee hawampatii chakula! Anakula mchele ya kuombaomba, kavu, bila hata mboga, na wao wanakula mbuzi!"

Mama Sabine aliketi. Mambo yote yakajipanga kichwani: mfuko, mchele mbichi, kuzunguka na baridi, jaketi la kuazima. Kwao Bunia mzee mwenye mtoto hatembei na mfuko. Mzee anayetembea na mfuko, ujue mtoto wake amemtupa. Ni jambo lisilohitaji kuulizwa, na ndiyo maana hakuuliza. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini siku hiyo wahenga hawakuwa Hyattsville.

Jumamosi mchana, Tofazali akiwa Laurel, akina mama sita wa kwaya walishuka kwa Shefali. Walivaa kitenge cha sare. Walibeba sombe, makayabu ya samaki wa chumvi, kuku wawili, ndizi, bugali iliyofungwa taulo isipoe. Shefali alifungua akiwa na nguo za kazi.

"Binti yetu," alianza Mama Sabine kwa Kiingereza chake cha kazini, "hatukuja kukuhukumu."

Mtu akianza hivyo, ujue umeshahukumiwa.

"Tunajua maisha ya Marekani. Kazi, nyumba, gari. Mtu anaweza akamsahau hata mzazi wake. Mungu anasamehe. Chakula cha baba tumeleta, na kila Jumamosi tutaleta mpaka utakaposimama vizuri." Kisha wakaweka sufuria chini, wakamshika Shefali mikono huku na huku, wakamwombea. Walimwombea dakika ishirini, kwa Kiswahili na Kifaransa na machozi, Mungu aulainishe moyo wake kama alivyoulainisha wa wengine waliokuwa wagumu zaidi. Shefali aliinamisha kichwa kwa adabu. Walipomaliza alisema asante. Walipotoka alikaa chini sakafuni katikati ya sufuria tano, akalia kwa hasira.

Saa kumi na moja Tofazali aliingia akipiga mluzi.

"Baba," alisema Shefali, "nimeombewa."

"Jambo jema! Na nani?"

"Na wanawake sita. Wameniombea nikulishe."

Mluzi ukakatika. Tofazali alizitazama sufuria, akamtazama binti yake, akaelewa yote kwa mkupuo. Akataka kucheka, kwa sababu ni jambo la kuchekesha, jamani, lakini uso wa Shefali haukuwa wa kuchekewa.

"Kwenye jokofu kuna samaki unayempenda tangu kwetu," alisema Shefali. "Nilimfuata mpaka Falls Church. Ana siku tatu humo. Wali wa kila mtu katika jengo hili unakula, Baba. Wangu huli."

"Ni masharti ya mwalimu, mwanangu. Siku ninayotembea nala cha mfuko."

"Basi chagua. Mfuko au nyumba hii. Ukichagua mfuko nitakukatia tiketi urudi kwa mwalimu wako, na sitakulaumu. Lakini siwezi kuishi mahali ambapo watu wote wanajua nimemwacha baba yangu na njaa. Jumapili ya wiki ijayo unipe jibu."

Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango, ingekuwa afadhali angebamiza.

Wiki hiyo Tofazali hakutoka. Alilitundika zeze kabatini nyuma ya makoti akavaa zile ndara. Alikula samaki, alikula biriani, alisema tamu, na ilikuwa tamu kweli. Lakini bila kutembea alijiona kama kapu la nguo: unaliweka pale, linakaa pale. Na tiketi hakuthubutu kuiwaza, kwa kuwa alijua hakika kwamba akimwacha Shefali mara ya pili, ya tatu haitakuwepo. Akigeuka huku ni kifo, akigeuka kule ni kifo. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Watu kwenye majengo wakaanza kuuliza, mzee yuko wapi.

Alhamisi Mama Sabine alimkuta kwenye chumba cha mashine za kufulia, amekaa juu ya benchi anatazama nguo zikizunguka. "Mzee, tangu tulete chakula hauimbi. Kuku ilikuwa mubaya?"

Akamweleza. Akamweleza masharti, moja baada ya lingine, na kwamba njaa hana na hakuwahi kuwa nayo katika nyumba ile, na kwamba Shefali huamka saa kumi alfajiri kumkandia maandazi ya kwao kabla ya kwenda kazini.

Mama Sabine alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Tulimuombea mutoto wa watu bure? Dakika ishirini? Na mimi ndiye nilisema moyo mugumu!" Hapo hapo akaacha nguo zake kwenye mashine, akapanda kwenda kuomba msamaha. Mama Sabine ni mwepesi wa kukosa, lakini pia ni mwepesi wa kutubu, na si wengi wenye yote mawili.

Alirudi baada ya nusu saa, amepoa. Alikaa kwenye benchi karibu na mzee.

"Amenipa chai," alisema. "Amesema sikukosea. Amesema nikuulize kitu kimoja. Ile miaka ulikuwa unatembea kule kwenu, kwa nini uliruka mulango wa mujomba yake?"

Mashine moja ilimaliza kuzunguka, ikalia. Tofazali alikunja ncha ya kanzu, akaikunjua.

"Nilipita pale mara nyingi," alisema hatimaye. "Ile kijiji niliimba yote. Mulango wa kushoto niliimba, wa kulia niliimba. Ule niliruka."

"Na huyu mutoto alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

"Miaka saba?"

"Nilisema nimeshika masharti yote, mama. Watu wote nawaambia hivyo. Ni uongo. Baba atasimama namna gani na mfuko mbele ya mutoto wake? Nilikuwa naona haya. Nikapita mbio, nikaimba kwa wengine kwa nguvu sana, ili asikie kwamba niko mzima."

Mama Sabine hakumwombea. Alifungua mlango wa mashine yake, kisha akasema, "Sisi tunasema, mcheza kwao hutunzwa. Weye umecheza kwa watu wote, mzee, mpaka kwangu mimi. Kwako hujacheza hata siku moja." Akachukua nguo zake zilizolowa akaenda.

Jumapili ikafika, siku ya jibu. Saa saba na nusu mchana Shefali alikuwa jikoni, mumewe amelala kwenye kochi. Tofazali alitoka chumbani kwake amevaa kanzu ya viraka, zeze mkononi, mfuko begani. Shefali alimwona. Uso wake ukafunga kabisa. Akageukia sufuria, akaanza kuisugua ingawa ilikuwa safi.

Tofazali alipita, akafungua mlango, akatoka koridoni, akaufunga nyuma yake.

Koridoni Kiplagat alikuwa juu ya ngazi anabadilisha taa. Akina mama wa kwaya ndio kwanza wanarudi kutoka kanisani na kofia zao. Wote wakamwona mzee anatoka kwa binti yake na mfuko, wakajua amechagua, na Mama Sabine akaweka mkono mdomoni. Lakini mzee hakwenda kwenye lifti. Aligeuka pale pale, akautazama mlango alioufunga, akagonga.

Akaimba. Si kwa Kiswahili cha Bunia, kwa Kibengali. Kidole kilichodunda uzi miaka kumi na saba kikakosea mara mbili. Hakufumba macho safari hii. Ubeti wa kwanza ukaisha na mlango umefungwa. Wa pili ukaisha. Ndani hata sufuria haikusikika tena. Katikati ya ubeti wa tatu sauti ikamkatikia mbele ya watu wote, kisha akaanza upya ubeti ule ule, polepole, mpaka ukaisha. Akafungua mdomo wa mfuko. Akangoja.

Mlango ukafunguka. Shefali alikuwa ameshika kopo kubwa la plastiki la mchele wa nyumbani.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," alisema kwa lugha yao. Akina mama hawakujua Kibengali, lakini hakuna aliyehitaji mkalimani. "Watu walikuja kwa mjomba wakasema, baba yako kaimba jana kijiji cha pili. Kila jioni kabla ya kupika nilitoa kiganja kimoja cha mchele nikakitia kwenye kopo. Nikasema akija kesho nisikose cha kumpa. Kopo likijaa, mke wa mjomba alilimwaga chunguni, mimi naanza tena. Nililijaza mara nyingi, Baba. Nikakusikia unaimba kwa jirani. Kwa jirani! Nikasimama nyuma ya mlango na kiganja changu kimejaa."

"Niliogopa," alisema Tofazali. "Niliogopa utafungua wewe."

"Nilikuwa nimeshakifungua kitasa."

Machozi yalimwingia mzee ndevuni, hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika mfuko. Shefali akatumbukiza mkono ndani ya kopo, akatoa kiganja kimoja, akakitia mfukoni. Akatumbukiza tena, akatia cha pili. Akatia cha tatu. Tofazali hakuufunga mfuko.

"Mzee," Mama Sabine alinong'ona nyuma yake, "si ulisema kimoja?"

"Nyamaza, mama. Hii ni ya miaka saba."

Shefali aliacha kutumia mkono. Aliinua kopo akalimimina lote, mchele ukajaa mfuko, ukafurika, ukamwagika kwenye zulia la korido mpaka chini ya ngazi ya Kiplagat, na mzee amesimama tu, mfuko wazi, anacheka na kulia kwa pamoja. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wa pili akadakia. Kiplagat akashuka ngazi akaanza kuzoa mchele kwa kofia yake, anasema aki, aki, aki.

"Cha leo kiliwe leo!" Tofazali aliwageukia akina mama kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwaita askari mia tatu kula. "Nani iko na sufuria kubwa?"

Kila mtu alikuwa nayo. Ulipikwa mchele wote, kwenye majiko manne ya nyumba nne, na samaki mwingine wa Shefali, na sombe ya Mama Sabine juu yake. Walikula watu arobaini, wengine wamekaa kwenye ngazi. Mama Sabine alimwomba Shefali msamaha mara ya pili mbele ya wote, na Shefali akamwambia, "Mama, niombee tena, ila fupi." Walicheka mpaka watu wa ghorofa ya chini wakagonga dari, wakaitwa nao waje wale.

Mkwe alipokuwa anakusanya sahani, Shefali alimkuta baba yake anaosha kisufuria chake kidogo. Alikichukua akakifuta kwa kitambaa.

"Kesho uje tena, Baba," alisema.

"Nitakuja."

Na Jumatatu saa moja asubuhi, kabla Shefali hajaenda kazini, Mzee Tofazali alivaa kanzu yake na jaketi la mkwe, akatoka koridoni, akafunga mlango, akageuka, akagonga.